Chupa Tatu Zilizofika Zimefunguliwa

Mwanangu, kuna siku moja ambayo siikumbuki kwa macho wala kwa masikio. Naikumbuka kwa ulimi. Nikifumba mdomo hivi na kutulia kidogo, naipata yote, ladha yake na joto lake, na meno yangu machache yaliyobaki yanataka kucheka. Usinicheke wewe. Huyu bibi yako unayemwona hapa Manika, mtaa wetu wa Kolwezi, akigombana na wauza makaa aliwahi kuonja divai nyekundu ya Bordo kule Ufaransa, ya mtengenezaji mmoja lakini ya miaka tofauti tofauti, mchana kweupe, ukoo mzima ukimtazama kuona kama atakufa.

Keti nikueleze. Jana nilikusikia ukiwasomea wenzako kwenye simu maneno fulani juu ya watu wanaoshuka kwenye treni kutoka Kasai, eti wanakuja na nini mifukoni, eti mtu asile kwao. Nilijizuia sana nisikurushie kandambili. Basi leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Nilikuwa msichana mkubwa, na Kolwezi ilikuwa imeanguka. Mshahara ulikuwa hadithi. Askari walikwisha kupora maduka, Wazungu wa Kampuni ya madini wakafunga mizigo na kuondoka, na magari makubwa ya mgodi wa Mashamba yalilala bila matairi. Halafu, watu wakiwa na njaa hivyo, yakaanza maneno. Kwamba Wakasai warudi kwao. Kwao wapi, wakati wengi wao kitovu kilizikwa hapa hapa? Lakini vijana walipita nyumba kwa nyumba, na familia zikatolewa na masufuria yao na magodoro yao, zikajaa stesheni kungoja treni ambayo hakuna aliyejua itafika lini.

Donatien alikuwa miongoni mwao. Ndiyo, babu yako. Damu ya Kasai unayo wewe mwenyewe, hata ukisoma hayo ya kwenye simu kwa sauti ya juu namna gani.

Nilimpenda Donatien, mwanangu, nasema wazi maana umri wangu unaniruhusu. Nilimpenda hata nikawa naunguza bukari, ugali wetu, mimi ambaye mama yangu alinisifu kwa bukari. Kabla ya maneno yale kuanza, baba yake, Tata Mbuyi, alikwisha kuja kwetu kupiga hodi ya kwanza. Baba yangu alikuwa amefariki, kwa hiyo mwenye neno nyumbani alikuwa kaka yake mkubwa, Tata Ngoy. Na hao wawili hawakuwa wageni. Tata Ngoy aliendesha gari la mchanga kule Mashamba, Tata Mbuyi akiwa msimamizi wake wa zamu. Walikunywa bia kwa glasi moja kwa miaka mingi. Kisha maneno yakaja, na Tata Ngoy akanyamaza. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Na treni ilikuwa inakuja. Ikija kabla ya neno lake, Donatien angeondoka peke yake, na mimi ningebaki bila kujua kama nitamwona tena duniani.

Sasa sikia walivyofanya. Posa yetu haiendi mikono mitupu, unajua, lazima kinywaji. Lakini bia haikuwapo, malori hayakuja. Kitu pekee alichobaki nacho Tata Mbuyi cha heshima kilikuwa kisanduku alichopewa na bosi wake Mzungu siku ya kuondoka. Ndani mlikuwa na chupa nne za divai, zote zenye karatasi ya picha moja, nyumba kubwa na miti mbele yake, ila mwaka ulioandikwa chini ulikuwa tofauti kwa kila chupa. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka uliofuata uhuru. Ya pili ya mwaka niliozaliwa mimi. Ya tatu ya mwaka wa vita ya Kolwezi. Ya nne ilikuwa changa, ya mwaka ambao Donatien aliniamkia kwa mara ya kwanza mbele ya kanisa, na mimi nikajifanya sikusikia.

Yule bosi alimweleza namna ya kuzitunza. Divai ya zamani inaweka machicha chini ya chupa. Ukiitikisa inachafuka, inakuwa chungu. Inabidi kuifungua mapema, kuimimina polepole kwenye chombo, kuosha chupa, kisha kuirudisha humo ikiwa safi. Donatien alikuwa na mikono mitulivu, na alitaka siku yake iwe bila kasoro. Kwa hiyo kule stesheni, nyuma ya ghala, akazifungua zile tatu za zamani, akazimimina, akaziosha chupa kwa maji yaliyochemshwa, akazirudisha, akabana vizibo kwa kidole gumba. Ile changa hakuigusa, kwa sababu bosi alisema ingali inahitaji kulala miaka.

Alifanya kila kitu kama alivyoambiwa, na ndipo alipotuponza.

Wewe unajua desturi ya hapa. Hata leo, ukiingia baa ukaletewa chupa iliyofunguliwa, unairudisha. Chupa inafunguliwa mbele ya macho ya mnywaji. Hilo nililijua kabla ya kujua kusoma. Na Donatien alilijua pia, lakini kichwa chake siku ile kilijaa machicha.

Walikuja mchana, kwa miguu, kupitia katikati ya Manika, pale ambapo vijana walikaa kwenye kona wakiuliza watu majina ili wamjue Mkasai. Tata Mbuyi alivaa koti na tai. Mama yake Donatien alibeba beseni kichwani, limefunikwa kitambaa, akitembea wima kama anakwenda kupokea sakramenti. Nilikuwa nachungulia dirishani, na nilipowaona wakipinda kwenye barabara yetu nilishika ukuta. Walithubutu. Watu waliofukuzwa nyumba yao walipita mbele ya waliowafukuza ili waje kuniomba mimi.

Ndani walikaa wakubwa wetu. Tata Ngoy kwenye kiti cha mikono, wake wa ukoo kwenye mkeka, mama yangu mlangoni. Pembeni, kwenye kigoda chake, alikaa Kambo, mama yake Tata Ngoy, bibi yangu. Kambo alikuwa mlokole wa zamani. Tangu abatizwe hakuwahi kuonja kileo, na harufu ya bia ikipita kwenye dirisha alifunga dirisha.

Tata Mbuyi alisema maneno ya posa vizuri sana. Akaitoa kwanza kwenye beseni ile chupa changa, ambayo haijafunguliwa, akaiweka mbele ya miguu ya Tata Ngoy iwe yake ya kutunza. Kisha akazitoa zile tatu na kuzipanga juu ya meza. Tata Ngoy akainama kuziangalia. Akagusa kizibo kimoja kwa kidole, kikatoka bila nguvu.

Akakiinua wote tukione.

“Chupa hizi zilifunguliwa wapi?” akauliza.

Donatien akasimama. “Kule gare, tata. Mi mwenyewe nilifungula. Divai ya zamani iko na buchafu chini, njo maana nilimwanga kwanza, nikasukula chupa, nikarudisha.”

Maskini babu yako. Kila neno alilotia lilimzika zaidi.

“Ulifungula,” akasema Tata Ngoy polepole. “Ukatoa kintu. Ukarudisha kintu. Na shiye hatukukuwa pale.”

“Ngoy,” akasema Tata Mbuyi, “we na mi tulikunywa glasi moja.”

“Ilikuwa zamani. Leo muko na uchungu na shiye. Hata mi, ningefukuzwa mu nyumba yangu, ningekuwa na uchungu.”

Hakuna aliyelitaja neno sumu, lakini lilikaa pale kati yetu. Wake wa ukoo walisogeza watoto nyuma. Nilijua mtu mmoja akitoka nje na kusema sauti moja tu, vijana wa kona watafika kabla hatujasimama. Na watu wale watatu, na beseni lao, wangekwenda wapi?

Tata Mbuyi alijimiminia kidogo kutoka kila chupa, akanywa mbele yetu. Tata Ngoy akatikisa kichwa na kusema mwenye kuleta anajua pia namna ya kujikinga.

Basi akanigeukia mimi. Desturi yetu ni kwamba wakubwa hawagusi kinywaji cha posa mpaka msichana aulizwe. Wanamwambia, “Tunywe?” Akisema ndiyo, amekubali mume. Wasichana wengi wanajibu wakiangalia chini, kwa sauti ya kusukumwa. Mimi nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu langu wiki nzima mbele ya kioo. Lakini Tata Ngoy hakuniuliza hivyo.

“Sidonie,” akasema, “kunywa we kwanza. Zote tatu. Shiye tutangojea.”

Ninataka uelewe nilichosikia moyoni, mwanangu. Niliogopa, ndiyo. Lakini chini ya woga kulikuwa na furaha kali ambayo sijui nikuelezeje. Kwa sababu nilimtazama Donatien, nikaona uso wake, nikajua hakuna kitu katika chupa zile isipokuwa alichosema. Nilijua hivyo kabisa. Na mtu anapojua hivyo, halafu anapewa nafasi ya kuonyesha mbele ya watu wote, anataka hata kukimbia kwenda kuonyesha. Nikasema, “Leteni.”

“Anzia mwenye iko mutoto, umalizie muzee,” akaninong'oneza Tata Mbuyi. “Shefu yangu Muzungu alisema vile.” Akanimiminia ya mwaka wa vita.

Ilinikausha mdomo wote. Kama chai ya majani mengi iliyosahauliwa motoni. Nilikunja uso, wake wa ukoo wakashika vifua. Lakini nilipomeza, ukavu ukaondoka na nyuma yake ukaja moshi mtamu, kama tumbaku ya wazee ikiwa bado kwenye mfuko. Nikasema, “Hii ina ukali, lakini haina ubaya.” Nikashangaa kujisikia nikisema hivyo kwa sauti.

Ya pili ilikuwa ya mwaka wangu. Mwanangu, sijui niseme nini. Unajua masuku yaliyoiva, yale unayookota chini ya mti porini ukala mpaka kidevu kinanata? Nilipata masuku. Kisha nikapata mbao mpya, ile harufu ya duka la seremala. Ilijaa mdomo, ikashuka, na ilipokwisha kushuka ilikuwa bado ipo. Nilifungua macho nikacheka. “Mama,” nikamwambia mama yangu pale mlangoni, “mwaka ulionizaa ulikuwa mzuri hivi hukuniambia?” Mama alicheka huku analia. Hata mke wa Tata Ngoy alisogeza pua kidogo kuelekea mezani, nikamwona.

Ya tatu, ile ya zamani kuliko zote, haikuwa nyekundu tena. Ilikuwa rangi ya tofali. Niliinusa kwanza na nikatulia, maana ilinuka ardhi ya mvua ya kwanza. Ilinuka uyoga, asubuhi ile tunapokwenda na vikapu kabla wengine hawajaamka. Ukali wote ulikwisha kuondoka ndani yake. Iliingia laini na ikakaa. Donatien alikuwa ananitazama, na nilitamani watu wote watoke nimwambie kuwa kazi yake ya nyuma ya ghala ilikuwa safi, hakukuwa na hata chembe moja ya machicha.

Nikaweka glasi mezani. “Munywe,” nikasema. “Nimekubali.”

Hakuna aliyenyoosha mkono.

“Tungojee,” akasema Tata Ngoy.

Basi wakangoja. Nilikaa kwenye mkeka, mashavu yakiwaka, na watu wote walinitazama tumbo. Nikapata kwikwi, mtoto mmoja akaanza kulia. Furaha yangu yote ikaanza kunywea. Tata Mbuyi aliinamisha kichwa. Mama yake Donatien alikunja kile kitambaa cha beseni, akakikunjua, akakikunja tena. Nilihisi kwamba hata nikiwa mzima mpaka jioni, siku itakuwa imekwisha kuharibika, na sikujua kwa nini.

Kambo alijua. Aliinuka kwenye kigoda chake, mkono kiunoni.

“Ngoy, unangojea nini?”

“Mama, tuone kwanza.”

“Uone nini? Mutoto aanguke?” Hakupaza sauti. “Kama unaamini Mbuyi alitia kintu mu chupa, ungeshika mukono ya mutoto asikunywe. Kama hauamini, ungekunywa naye. We umefanya nini? Umetuma mutoto ya ndugu yako mbele, umebakia nyuma unaangalia. Mi nilikuzaa, na leo nasikia haya.”

Tata Ngoy akaivuta ile chupa changa karibu na miguu yake.

Kambo akaenda mezani. Alichukua glasi yangu ile ile, akajimiminia ya zamani mpaka nusu. Mama yangu akasema, “Mama, ubatizo wako.” Kambo akajibu, “Mungu nitaongea naye mi mwenyewe, tuko tunajuana.” Akanywa yote. Alikunja uso hata macho yakapotea, akajipangusa mdomo kwa kanga, akasema, “Banabeba hii kutoka Ulaya? Pole yao.” Kisha akampelekea glasi mama yake Donatien, akammiminia kwa mkono wake, akamwita “mwenzangu”.

Hapo nyumba ikafunguka, mwanangu. Mama alikunywa. Mke wa Tata Ngoy alikunywa, na akaomba tena ile ya masuku. Watu walibishana ipi inashinda, wengine wakataka kuongeza sukari, Donatien akapiga magoti kuwaomba wasiongeze. Kambo alitutia baraka mimi na Donatien kwa maji ya kawaida, akasema ile ndiyo ambayo mwanawe alishindwa kusema. Lakini kiti cha mikono kilikuwa kitupu. Tata Ngoy alitoka kwa mlango wa nyuma na chupa yake ile changa, bila kuaga.

Treni ilifika siku chache baadaye. Stesheni ilijaa watu na vilio na kuku waliofungwa miguu, na sisi tulipanda behewa la mizigo, mimi nikiwa na sanduku langu na pete ya shaba aliyoitengeneza Donatien. Vijana wa kona walisimama ng'ambo ya reli wakiangalia nani anakuja kuaga nani. Waliokuja kuaga walikuwa wachache.

Ndipo nikamwona Tata Ngoy. Alikuja katikati ya reli, akipita mbele ya vijana wale bila kuharakisha, na mkononi alishika ile chupa. Ilikuwa bado haijafunguliwa. Alisimama chini ya behewa, akamtazama Tata Mbuyi. Kisha akaiinua chupa akampa.

“Enda ufungule kule nyuma ya behewa,” akasema. “Mi nitabakia hapa. Niko naangalia huku.”

Na akageuza mgongo. Mwanangu, yule baba mkubwa wa watu aligeuza mgongo mbele ya stesheni nzima.

Tata Mbuyi alishuka na chupa, akazunguka nyuma. Tulisikia kizibo kikisukumwa ndani kwa mshikio wa kijiko. Tata Ngoy hakugeuka. Tata Mbuyi akarudi na kopo la bati limejaa, akamgusa bega, akampa. Tata Ngoy akalipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kwa mkubwa wake, akanywa mpaka mwisho. Machozi yalimtoka.

“Iko kali,” akasema.

“Nilikuambia,” akajibu Tata Mbuyi. “Ingali mutoto.”

Wakacheka wote wawili, wakashikana pale chini mpaka treni ilipoanza kusogea na Donatien akamvuta baba yake juu kwa koti. Tata Mbuyi hakurudi Kolwezi. Alizikwa kule kwao, mahali asipopajua. Sisi tulirudi miaka mingi baadaye, kwa treni ile ile ambayo wewe unaisemea maneno kwenye simu. Tata Ngoy alikuwa ametangulia kufa, na mkewe akanionyesha kabatini lile kopo la bati. Alisema hakumruhusu mtu mwingine kulinywea.

Sasa chukua nasaha yangu. Siku utakapoambiwa umwogope mtu uliyekula naye, jiulize ni mkono wake uliobadilika au ni masikio yako yaliyojazwa. Ukiwa na shaka ya kweli, iseme usoni, na umzuie mwenzako asinywe. Ukiwa huna, kunywa. Usimtangulize mtu mwingine halafu ukakaa nyuma kuangalia kama ataanguka, kwa maana kungoja kule kunaua vitu ambavyo sumu haivifikii. Na ukiona umekwisha kukosea, usitume salamu. Nenda mwenyewe, mchana, mbele ya wale waliokujaza maneno, ukageuze mgongo wako.

Haya, niletee maji, koo limekauka. Hapana, usiyamimine hapa mbele yangu, nenda ukayamimine huko jikoni. Mungu akupe watu ambao unaweza kupokea kwao kikombe ambacho hukukiona kikijazwa. Na mkono wako mwenyewe Mungu aufanye hivyo, mwanangu, mtu apokee kutoka kwako akiwa amefumba macho.